Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii siku hizi hukatwa katikati: nusu ya kwanza hushikwa, ya pili ikaachiwa wazee. Nusu hiyo ya kwanza imekuwa wimbo wa baraza za kahawa za Unguja kila gari lishukapo bandarini, na imesafiri hata mahali pasipo na maji ya chumvi. Imefika Kiseke, kata ya Ilemela jijini Mwanza, kwenye vilima ambako nyumba na majabali hugombania uwanja. Huko nako wapo waliopata, wengine kwa minofu ya sangara, wengine kwa dhahabu ya Geita, wengine kwa biashara ya ng'ambo ya ziwa. Miongoni mwao wamo wenye uwezo wa kuuliza swali ambalo baba zao hawakuliuliza: gari la starehe la viti viwili, lenye paa la kukunjwa, linunuliwe jipya au lililokwisha kutumika?

Wengi hujibu kuwa linunuliwe jipya, na hoja yao ni heshima. Jibu hilo ni bovu, na hoja yake ni bovu zaidi.

Na lianzwe neno lenyewe, kwani wasomaji wa mashairi hawana budi kuwa walinzi wa maneno. Mwanza, kama Dar es Salaam, gari lililoendeshwa Japani kwa miaka 15 huitwa jipya siku litokapo bandarini, kwa sababu hakuna jirani aliyewahi kulimiliki. Lililotumika ni lile "la mkononi", yaani lililonunuliwa kwa mtu wa hapa hapa, hata kama limezaliwa miaka 5 baada ya hilo jipya. Kisha ikaja herufi. Katika zile herufi tatu za mwisho za kibao cha namba, ya kwanza imekuwa kipimo cha ujana: mwenye namba E humcheka mwenye namba C, naye mwenye C humcheka mwenye A. Herufi hiyo haisemi lolote juu ya chuma kilicho nyuma yake. Husema tu ni lini chuma hicho kiliandikishwa nchini. Mzee wa miaka 20 aliyevuka bahari juzi amepewa cheti cha kuzaliwa cha juzi, na mtaa mzima umekipokea.

Aliyebaki mkweli ni mtoza ushuru, kiumbe ambaye washairi hawajawahi kumsifu. Yeye ana neno lake, uchakavu, na halionei haya. Kwa gari dogo lililotimiza miaka 8 na halijapita 10 ushuru wa bidhaa wa Tanzania umekuwa ukiongeza asilimia 15, na kwa lililopita miaka 10 asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa ukubwa wa injini na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Viwango hivyo hupandana, kimoja juu ya mgongo wa kingine, hata mnunuzi wa gari kuukuu akajikuta amelilipia karibu mara mbili ya bei ya kufikia bandarini. Ni ada nzito. Lakini risiti yake inasema kweli ambayo mwenye gari, akitoka nayo mlangoni, hataisema tena.

Kiu ya upya ina historia yake, na si haki kuidharau. Nchi hii iliwahi kuwaita wenye magari makubwa Wabenzi, kama kwamba ni kabila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, ili kuokoa mafuta, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa hata kutembea mchana wa Jumapili pasi na kibali. Bajeti ya mwaka 1984 ikafungua dirisha kwa mwenye fedha zake za kigeni. Na mwezi wa Februari 1991, katika kikao cha chama kilichofanyika Visiwani na kupewa jina la Azimio la Zanzibar, masharti ya uongozi yakalegezwa. Aliyekaa na njaa miaka 20 hawezi kulaumiwa kwa kula haraka. Anaweza kulaumiwa, hata hivyo, kwa kumtukana mwenziwe anayekula kilichopashwa moto.

Na tusi lilipotafutwa, lilichukuliwa kwa wanawake. Hapa ndipo washairi wanapoingia katika kesi, si kama mashahidi bali kama washitakiwa. Gari kubwa la serikali liliitwa shangingi, neno ambalo kabla ya hapo alirushiwa mwanamke aliyeonekana mjuzi kupita kiasi. Gari lisilotumika huimbwa kuwa ni mwari. Lililotumika huitwa mtumba, na kesho yake neno hilo hilo hurudishwa nyumbani, akavikwa mwanamke aliyeachwa na mumewe. Neno lenyewe halikuwa na kosa. Mtumba ni robota, mzigo uliofungwa. Ndio uliobebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kutoka bara hadi pwani na kurudi. Leo robota limekuwa fedheha, na fedheha hiyo inatiwa vina na kuimbwa penye arusi.

Hakuna pwani ya Waislamu inayoweza kulitetea jambo hili ikiwa inakumbuka ilichofundishwa chuoni. Bibi Khadija alikuwa mjane alipoolewa na Mtume, na katika wake zake wote ni Bibi Aisha peke yake aliyeolewa naye akiwa hajawahi kuwa na mume. Mama wa waumini hawalinganishwi hapa na vyombo vya chuma, Mungu apishe mbali. Wanaolinganisha ni wale watungao mwari na mtumba, na ni wao wanaopaswa kulijibu jambo hilo.

Nahodha hanunui jahazi kwa kutazama rangi ya omo. Hugonga mbao, husikiliza, huuliza lilipigwa kalafati lini na deheni ilipakwa na nani, na lilikwenda wapi katika kusi ya mwaka uliopita. Chombo kilichokwisha kuonja pepo mbili kina wasifu. Kile ambacho hakijateremshwa majini kina ahadi tu. Mfugaji wa Kisukuma naye, kule nyuma ya Kiseke, hahitaji kufundishwa tofauti baina ya ng'ombe aliyekwisha kuzaa na kukamuliwa na yule ambaye bado hajulikani atatoa nini. Bara na pwani walikuwa wakikubaliana katika jambo hili kabla ya gari kuja. Na Kiswahili chenyewe kina kuukuu, neno ambalo ndani yake kuu limetamkwa mara mbili.

Tena kuna kichekesho. Bahari ya utenzi, yenye mizani 8 kila kipande, ilikuwa imekwisha kutumika Mwengo wa Athumani alipoitungia Utendi wa Tambuka mwaka 1728, nayo inatumika hata leo. Hakuna aliyewahi kusema kuwa bahari hiyo ni mtumba. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo hilo linalotazamwa kutoka vilima vya Mwanza, alipotoa Kichomi mwaka 1974 akiwa ameziacha mizani na vina, pwani ilimjia juu: kipya hicho hakina asili, kipya hicho si shairi. Ugomvi ule ulikuwa na faida zake na hasara zake, na si mahali pake hapa kuuamua. Linalotakiwa ni uthabiti tu. Mtu anayeona kuwa ala iliyopita mikononi mwa watu mia tatu ina thamani kwa sababu hiyo, hana ruhusa ya kugeuka mlangoni na kuapa kwamba gari lililopita mkononi mwa Mjapani mmoja limenajisika.

Sasa na liangaliwe gari. Mtu wa Kiseke anayependa viti viwili hana mengi ya kuchagua, na mengi katika hayo machache hayatengenezwi tena. BMW Z3 iliachwa mwaka 2002, Honda S2000 mwaka 2009. Mercedes-Benz SLK, iliyotoka mwaka 1996 na paa la chuma linalojikunja lenyewe na kujificha nyuma, ilibadilishwa jina kuwa SLC na uzao wake ukakoma mwaka 2020. Anayeipenda SLK na kutaka jipya anapenda kitu kisichokuwapo. Yapo ya gharama: mwaka 2024 BMW Z4 mpya ilianzia zaidi ya dola 50,000 huko Marekani, kabla ya meli na kabla ya forodha. Ndugu yake wa miaka 15 au 20 hupatikana kwenye minada ya Japani kwa dola elfu chache. Hata ada ya uchakavu ikipandana na kupandana, bei hizo mbili hazikutani.

Kwa nini Mjapani ameliuza? Wasemao kuwa ameliuza kwa ubovu hawajui sheria yake. Gari huko hukaguliwa linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Wengi huona afadhali kuliuza kuliko kulipeleka tena. Gari zima hutoka nyumbani kwa sababu ya karatasi. Nayo karatasi ya mnada, kwa anayetaka kusoma, huonyesha mikwaruzo kwa alama kwenye mchoro, na herufi R ikisimama penye daraja maana yake limepata ajali likatengenezwa. Wapo madalali wanaoificha karatasi hiyo, na wapo wanaorudisha nyuma kilomita. Wezi hao ni wa kweli na dawa yao ni kuidai karatasi kabla ya kutuma fedha. Kununua jipya kwa kumwogopa mwizi wa kilomita ni kumpa muuzaji halali fedha nyingi kuliko ambazo mwizi angethubutu kuiba.

Kati ya yaliyotumika nako kuna la kuchagua. Paa la SLK huendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa katika mipira. Mipira hiyo huzeeka, huvuja, na fundi wa kuifungua si wa kukutwa chini ya kila mwembe. Mazda iliyotoka mwaka 1989, ambayo Japani iliiuza kwa jina la Eunos Roadster na ambayo pamoja na warithi wake ilipita magari milioni moja mwaka 2016, ina paa la turubai linaloinuliwa kwa mkono wa aliyekaa. Mvua ya ziwa haitoi taarifa. Anayeweza kufunga paa lake kwa mkono mmoja hahitaji umeme wala fundi. Tumbo la gari hilo halifiki shubiri moja kutoka ardhini, nalo lina safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zenye matuta yasiyohesabika, kisha njia za mlimani ambako kila masika mawe hutokeza kichwa kipya. Litakwaruzwa. Mwenye gari kuukuu akisikia mkwaruzo hushuka, hutazama, huendelea. Mwenye gari jipya huanza kuuchukia mtaa wake.

Ipo hoja moja dhidi ya gari hili iliyo na uzito kuliko zote, nayo haisemwi na wapenda upya. Katika mitaa kama Kiseke mwenye gari ndiye gari la wagonjwa. Saa nane za usiku mlango hugongwa, mama amekwisha kushikwa na uchungu, na anahitaji kulala kiti cha nyuma, mkunga au dada yake akiwa kando. Viti viwili haviwezi jambo hilo. Mtu akijinunulia chombo ambacho hakina nafasi ya jirani, katika nchi iliyokwisha kuandika neno ujamaa, ana la kujibu.

Jibu lake lipo, lakini analo mnunuzi wa kuukuu tu. Kwa fedha za jipya moja, yeye hupata lile la viti viwili, na pembeni yake Toyota Noah iliyotumika, yenye nafasi ya mama, dada, ndoo na mashuka, na fedha zikabaki za matairi. Starehe yake ya Jumapili haikuchukuliwa kutoka katika usiku wa mtu mwingine. Aliyezimaliza zote kwenye upya hana cha kufungua mlango ukigongwa, ila kiti kimoja cha ngozi.

Naye huyo mnunuzi wa kuukuu asifiche. Kadi ya gari ina mahali pa mwaka wa kutengenezwa. Ausome kwa sauti, barazani, mbele ya mwenye namba E. Wale watakaoombwa kulitungia beti wauandike mwaka huo, waachane na mwari. Wakisema hauingii katika mizani, wahesabu tena. Gari likiwa la 1998, "elfu moja mia tisa" ni mizani 8 kamili, nusu ya mshororo imekwisha kupatikana bila jasho. "Tisini na nane" ni 6. Zilizobaki ni mbili.