Kiongozi wa Maji Milimani, Nani Kiongozi wa Maji Ushetu?

Na Maganga Shija, Nyamilangano

Siku ya tatu ya kupanda, kiongozi wetu alisimama katikati ya kinamasi cha Bigo, gambuti zake zimezama karibu na magoti, akatuomba tupunguze haraka ya kuliona ziwa. Alichovya mkono kwenye tope, akachota konzi la majani na mizizi, akalikamua. Maji yalitiririka kama ya nguo iliyotoka kufuliwa. Akalirudisha pale alipolitoa, taratibu, akaendelea kutuongoza.

Nilikuwa nimetoka Ushetu, mkoani Shinyanga, kwenda milima ya Rwenzori, Uganda, kuona barafu. Nilitaka kuiona kabla haijaisha, pamoja na Ziwa Bujuku linalopokea maji yake, huko huko karibu na mstari wa ikweta. Kutoka Kahama tulipita Mutukula, Masaka na Mbarara hadi Kasese. Kesho yake tukajiandikisha Nyakalengija, tukapewa kiongozi na wapagazi, wote Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo. Kiongozi alikuwa mtu mzima anayezungumza Kiswahili cha upande wa Kongo, nasi tukamwita Mzee tangu saa ya kwanza.

Neno mpagazi siwezi kulipita hivi hivi. Babu zetu wa Unyamwezi na Usumbwa walibeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa, na njia walizozikanyaga ndizo walizozifuata wageni wote waliokuja baadaye kuandika vitabu. Nilipomwona kijana wa Kikonzo amebeba mzigo wa vyakula vyetu kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, akiruka kutoka kichaka hadi kichaka juu ya tope bila kuteleza, nilijua naangalia kazi ya ukoo wangu. Nilimpa mkono kabla hatujalala Nyabitaba, na sikulala kabla ya kujua jina lake.

Mmoja wa wageni hao walioandika vitabu alikuwa Mwingereza Speke. Mwaka 1858 alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akapita katika nchi yetu kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa pale Mwanza. Kichwani alikuwa na habari za kale za Ptolemy kuhusu Milima ya Mwezi inayozaa Nile. Leo mlima mmojawapo wa Rwenzori unaitwa Speke, na Bujuku limelala chini yake, likipakana pia na milima ya Stanley na Baker. Wakonzo wana majina yao ya zamani zaidi. Theluji wanaiita Nzururu, na humo ndimo lilimotoka jina la ufalme wao, Rwenzururu. Mlima wenyewe ni makao ya mungu wao Kitasamba, na Mzee alipolitaja jina hilo alishusha sauti.

Tulifika ziwani alasiri, karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari. Kichwa kilikuwa kinanigonga na vidole vilikuwa havikunjiki. Maji ya Bujuku ni meusi na yametulia, na kando yake zimesimama lobelia zinazomzidi mtu urefu, na miti yenye ndevu za kijani zinazoning'inia hadi usoni. Ukungu ulifunguka kwa dakika chache tu. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea jabali tupu, la kijivu, lililosuguliwa likawa laini. Alisema alipoanza kazi hii akiwa kijana mpagazi, pale palikuwa na barafu. Kisha akahamisha fimbo juu zaidi, na juu zaidi, kila mara akitaja mambo ya maisha yake: mwaka alipooa, mwaka alipozaliwa mtoto wa tatu. Barafu ilikuwa imepanda mlima mbele ya macho yake, na sasa ilikuwa utepe mweupe uliokwama juu kabisa.

Vipimo vinasema kama yeye. Juni 1906, Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, zilihesabiwa barafu 43 zenye majina juu ya milima 6, zikifunika kilometa za mraba zipatazo 7.5. Kufikia mwaka 2005 zilikuwa zimebaki chini ya nusu, kwenye milima 3 tu, kilometa za mraba 1.5 hivi. Dunia imepata joto, na si watu wa Kasese waliolitia joto hilo.

Nilihuzunika, nikamuuliza Mzee kama mito yao itakauka. Akanionyesha kwa kidevu kule tulikotoka, Bigo. Baadaye nilikuja kujua kwamba waliopima maji ya Mto Mubuku, unaoshuka kutoka milima hiyo, wamefika mahali pamoja naye: barafu huchangia sehemu ndogo sana ya mto ule. Maji yaliyo mengi ni mvua iliyoshikwa na kinamasi, majani na msitu, ikaachiwa polepole. Mimi nilikwenda kuililia barafu, kumbe anayelea mto ni lile tope nililokuwa nikilichukia kwa siku nzima.

Katika bonde jingine la milima hiyohiyo iko Kilembe, walikochimba shaba kwa miaka mingi. Mto Nyamwamba ulifurika huko Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali. Sisi majirani wa migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu, Buzwagi na Geita tunapaswa kuijua Kilembe kwa jina.

Sasa nije nyumbani. Hatuna barafu. Lakini tope linalotunza maji tunalo: mbuga zetu, na upande wa magharibi ardhioevu ya Malagarasi-Moyowosi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar. Tuna miombo inayoishika mvua ya Novemba isikimbie. Miombo hiyo tunaikata ili kukausha tumbaku. Nimekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, ada yangu ya shule ilitoka humo, wala sitamtukana mkulima anayetegemea bani. Ninachosema ni kwamba kila msimu kuni zinafuatwa mbali zaidi, malambo yanajaa mchanga, na mama zetu wanaamka saa tisa usiku kupanga ndoo kisimani. Bomba la Ihelele lililoleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga mwaka 2009 ni neema kubwa. Halijaondoa haja ya kisima cha kitongoji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Nani atapima mita 60 kutoka kwenye chemchemi ambayo haikuandikwa popote? Wanaozijua ni wazee wetu wachache, waliochunga ng'ombe utotoni na kunywa humo kwa viganja. Kila mazishi yanatupunguzia ramani. Naliomba Baraza la Madiwani la Ushetu lifanye jambo moja kabla ya masika yajayo: kila kata iwateue wazee hao wawe viongozi, walipwe posho ya siku kama Mzee wa Rwenzori anavyolipwa, watembee na watendaji na wanafunzi hadi kwenye kila chanzo, hai au kilichokufa, na kila kimoja kiandikwe jina lake. Upandaji miti wa vyama vya msingi vya tumbaku uanzie hapo, pembezoni mwa vyanzo.

Juma lililopita nilianza na mzee mmoja wa kijijini kwetu. Tulitembea karibu saa nzima katikati ya mashamba. Alisimama penye kisiki cha mninga, akazunguka mara mbili, akasema ni hapa, walikuwa wanakuja watoto kumi na ng'ombe zao wote wakanywa. Palikuwa na matuta ya tumbaku. Alipiga magoti, akachimbua kwa jembe la mkono hadi kiwiko kikaingia ardhini, akatoa udongo mweusi na kuuminya. Ulikuwa na unyevu.