Kabla ya kunyanyua pikapu, mkulima aangalie kinachogusa tope

Kila mvua zinapokaribia, gereji nyingi za mikoani hupata kazi zinazofanana. Wenye pikapu, wengi wao wakulima na wafanyabiashara wa mazao, hufika wakitaka magari yao yanyanyuliwe ili yaweze kupita katika barabara za mashambani, ambazo baada ya mvua mbili tatu hubaki na mifereji ya magurudumu na tuta katikati. Fundi huongeza springi nyuma, hukaza mbele, gari likasimama juu kama twiga, na mwenye gari akalipa na kuondoka ameridhika.

Ana haki ya kuridhika, lakini hapana shaka kuwa wengi hulipia kimo wasichokihitaji na kukikosa kile walichokifuata. Pikapu ina vimo viwili, na kila kimoja kina bei yake. Kipo kimo cha bodi na fremu, ambacho hubebwa na springi. Kipo pia kimo cha difu ya nyuma, ambayo katika pikapu nyingi zinazotumika vijijini, kama vile Toyota Hilux na Isuzu, imo ndani ya ekseli iliyonyooka kutoka gurudumu moja hadi jingine. Ekseli hiyo haining'inii kwenye springi, bali inakaa juu ya magurudumu. Mtu anaweza kuinua bodi kwa sentimita 10, na difu ikabaki pale pale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi moja. Baada ya safari moja ya tope, mwenye gari aingie chini na tochi aangalie michubuko iko wapi. Ikiwa kilichokwaruzwa ni difu ya nyuma, fedha za springi zitakuwa zimetupwa. Ikiwa ni bampa la mbele, sampo, bomba la moshi au tangi la mafuta, springi zinaweza kusaidia. Kwa magari yenye uwezo wa magurudumu manne na ambayo kila gurudumu la mbele hujitegemea, difu ya mbele imefungwa kwenye fremu, hivyo nayo hupanda pamoja na bodi. Mafundi wazuri huyajua haya yote. Tatizo ni kwamba mteja huwa hakuuliza kuhusu difu, alisema tu gari linyanyuliwe.

Tukianza na tairi, hesabu yake inajulikana na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kusoma namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi la 225/75R16 lina kipenyo cha takriban milimita 744. La 245/75R16 lina takriban milimita 774. Tofauti ni milimita 30, lakini kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, difu hupanda nusu yake, yaani milimita 15. Zinaonekana kidogo, lakini ni milimita 15 za kweli, na kwenye tuta la katikati ya barabara ndizo zinazoamua kama gari litapita au litakaa. Akienda hadi 265/75R16, difu hupanda kwa takriban milimita 30 kuliko alikoanzia, ila tairi la namna hiyo huweza kugusa bodi pikapu inapokata kona au kubonyea kwenye shimo. Hapo ndipo springi na tairi vinapokutana: springi huinua bodi ili tairi kubwa lipate nafasi, na tairi ndilo linaloinua difu.

Tairi kubwa nalo lina gharama zake. Katika mfano wa kwanza, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 4, hivyo dashibodi ikionyesha kilometa 80 kwa saa gari linakwenda 83. Injini nayo huhisi kana kwamba gia zote zimekuwa ndefu zaidi, jambo ambalo dereva mwenye mzigo ataligundua kwenye mlima wa kwanza. Isitoshe, manunuzi ni ya matairi matano na si manne, kwa sababu gari la magurudumu manne likifungwa spea yenye kipenyo tofauti huumiza gia na difu zake. Anayenunua matairi ya mitumba asome tarakimu nne za tarehe: 1418 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Tairi la umri huo, hata likiwa na meno marefu, ni raba iliyozeeka.

Sasa springi. Njia rahisi kuliko zote kwa mbele inapatikana kwenye pikapu za zamani zenye tosheni baa, zikiwamo Hilux nyingi za magurudumu manne zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2005. Fundi hukaza boliti mbili, gari linapanda, na malipo ni ya ufundi tu pamoja na alaimenti. Sentimita 2 au 3 hazina ubaya. Wanaotaka 6 au 7 kwa boliti hizo hizo hujitafutia hasara, kwa sababu mikono ya mbele hubaki imening'inia karibu na mwisho wake, kila shimo hugonga kama nyundo, na mipira inayofunika viungio vya shafti za mbele huchanika mapema. Kwa pikapu za kisasa zenye springi za kujiviringisha, huwekwa kipande cha chuma juu ya springi. Kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kinafaa. Kipande cha bomba kilichokatwa na kuchomelewa nyuma ya gereji, hapana.

Kwa nyuma, yapo mambo matatu yanayofanyika sana. La kwanza ni kuongeza bapa katika mpangilio wa springi. La pili ni kubadili vishikizo vya springi na kuweka virefu zaidi. Hapa ieleweke kuwa kishikizo kilichorefushwa kwa sentimita 10 huinua gari kwa takriban 5 tu, kwa kuwa kinashika upande mmoja wa springi. La tatu ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, na kukifunga kwa boliti za U zilizo ndefu zaidi. Njia hii ya tatu ni nafuu na haibadili ulaini wa gari, lakini visipangwe viwili kimoja juu ya kingine, visiwe vya mbao, na kamwe visiwekwe mbele kwenye springi zinazobeba usukani.

Kuongeza bapa ndiko kunakopendwa kuliko zote, maana mteja huona amepata kimo na nguvu ya kubeba kwa bei moja. Ukweli ni kwamba springi imeongezwa nguvu, lakini ekseli, fremu, bearingi na breki vimebaki vile vile. Pikapu ya tani moja bado ni ya tani moja. Kwa mkulima wa nyanya kuna hasara nyingine ambayo haionekani gereji. Springi ngumu chini ya mzigo mwepesi haibonyei, bali hurusha. Matenga ya nyanya yaliyotoka shamba yakiwa mazima hufika sokoni yale ya chini yakivuja maji, na dalali hana huruma na tenga linalovuja. Mwenye kubeba mahindi au viazi hatalihisi hilo sana. Atakachokihisi ni wapakiaji kulalamika, kwani kunyanyua gunia hadi kwenye bodi iliyopanda sentimita 10 ni kazi nyingine, na kama gunia lenyewe ni la lumbesa, watataka nyongeza ya malipo.

Lipo jambo moja la breki ambalo halitajwi vya kutosha. Pikapu nyingi zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono unaopima umbali kati ya fremu na ekseli. Gari likiwa na mzigo, umbali hupungua na valvu huruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiwa tupu, umbali huongezeka na valvu hupunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Bodi ikinyanyuliwa bila kurekebisha mkono huo, valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Mtu anayetoka Ilula mkoani Iringa na nyanya kuelekea Dar es Salaam hukutana na mteremko wa Kitonga mapema kabisa katika safari. Si mahali pa kugundua kuwa breki za nyuma zinafanya nusu ya kazi, tena juu ya gari ambalo uzito wake umepandishwa na hivyo kuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Mteja amtake fundi amwonyeshe valvu hiyo, na mabomba ya breki yakiwa yamelegea vya kutosha wakati magurudumu yananing'inia. Aiarifu pia kampuni yake ya bima kabla ya kazi, kwani bima hujengwa juu ya taarifa sahihi za gari.

Yote hayo yanahusu gari linalogusa ardhi. Lakini magari mengi yanayokwama hayakugusa chochote, yameteleza tu. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga za Shinyanga na Simiyu au bonde la Usangu, tope hujaza meno ya tairi na gurudumu linazunguka kama limepakwa sabuni. Kimo hakivuti gari. Hapo fedha ziende kwenye matairi yenye meno makubwa, minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, na pampu ya upepo ili dereva apunguze upepo kabla ya tope na kuurudisha akifika barabara ngumu. Pikapu inayovuta kwa magurudumu mawili, hata ikinyanyuliwa hadi ifanane na ya magurudumu manne, itabaki kuwa ya mawili, na wanunuzi wa magari yaliyotumika wanapaswa kulikumbuka hilo wanapoona moja limesimama kifua mbele kwenye yadi.

Swali la kiuchumi ni kama kimo kitarudisha fedha zake. Tuchukue hesabu ya mfano, na kila mmoja aweke namba zake. Mkulima anatumia shilingi milioni 3 kwa springi, shokapu na tofauti ya bei ya matairi. Kabla ya hapo alikuwa akikwama mara 12 kwa mwaka, na kila mara humlipa mwenye trekta shilingi 30,000 kumvuta. Ameokoa shilingi 360,000 kwa mwaka, hivyo fedha zake zitarudi baada ya miaka zaidi ya 8, na springi zenyewe huenda zisifike huko. Kama mazao yake ni mahindi, ambayo yanaweza kusubiri ghalani barabara ikauke, mradi huu ni hasara. Lakini kama ni nyanya au maziwa, na mzigo mmoja wa shilingi 600,000 huharibika njiani kila mwaka, anaokoa shilingi 960,000, na fedha zinarudi katika miaka 3 na kidogo. Gari ni lile lile na fundi ni yule yule. Kinachobadili jibu ni kama mazao yanaweza kulala.

Ndiyo maana ushauri wa jirani kwamba "mimi nilinyanyua na sijutii" una thamani ndogo mpaka ijulikane jirani huyo anabeba nini. Kwa walio wengi, mpangilio wenye nafuu ni kurudisha kwanza springi zilizolala katika kimo chake cha awali, kisha kufunga matairi ya saizi moja juu yenye meno mazuri, na kama bado kitu kinagusa, kuongeza sentimita 3 hadi 5 na si zaidi. Springi mpya zenye ugumu wa kiwandani si jambo la kujivunia mbele ya majirani, lakini pikapu ya miaka 15 iliyozoea mizigo imepoteza kimo ambacho mwenyewe alikwisha kukilipia.

Tena, barabara ya shamba ya kilometa 10 mara chache huwa mbaya kwa kilometa zote 10. Huwa na sehemu korofi mbili au tatu zinazojulikana kwa majina: kwenye mto, kwenye mfinyanzi, chini ya mti fulani. Wenye pikapu watano wakitumia kila mmoja zile milioni 3, jumla ni milioni 15 zilizofungwa chini ya magari matano, na mwaka unaofuata barabara itakuwa imeharibika zaidi kwa sababu wote wamepata ujasiri wa kupita wakati wa mvua. Sehemu ya fedha hizo ikinunua changarawe na kuchimba mitaro ya kutoa maji katika sehemu hizo tatu, hata bodaboda na mama mwenye beseni la mboga watapita. Barabara hizo nyingi ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, hivyo kazi ya namna hiyo ipitie serikali ya kijiji na ofisi ya wakala wilayani. Kabla ya kwenda gereji, wenye magari wa kijiji kimoja wanaweza kuulizia bei ya lori moja la changarawe lililofikishwa kwenye sehemu hizo, wakailinganisha na bei waliyopewa na fundi.