Nani Kasema Hii Si Kazi ya Mwanamke?

 

Majuzi nilikuwa Isiolo, nyumbani kwa kaka yangu. Mkobani nilikuwa na kitabu kikuukuu nilichokinunua kando ya barabara jijini Nairobi kwa shilingi mia moja. Sikujua kwamba kingezua mjadala wa siku tatu katika nyumba ya watu.

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha nne na alikuwa akichagua kozi ya chuo kikuu. Anataka kusomea uchunguzi wa uhalifu. Baba yake anataka awe mwalimu. "Kuwafuata wezi na wauaji si kazi ya mwanamke," alisema kaka, akidhani maneno yamekwisha.

Nilicheka, maana kitabu changu kinaitwa karibu hivyo hivyo! Ni "An Unsuitable Job for a Woman", yaani kazi isiyomfaa mwanamke. Kiliandikwa na Mwingereza P.D. James na kuchapishwa mwaka 1972.

Kisa chenyewe ni hiki. Cordelia Gray ana miaka 22. Asubuhi moja anafika ofisini London na kumkuta mwenzake, mpelelezi wa kujitegemea Bernie Pryde, amejiua. Amemwachia urithi wa ajabu: ofisi isiyo na wateja wa maana na bastola isiyo na kibali. Watu wanamwambia atafute kazi nyingine. Mara anapata mteja, mwanasayansi mashuhuri. Mwanawe, Mark, aliacha masomo Cambridge akaenda kufanya kazi ya bustani, kisha akakutwa amejinyonga. Baba anataka kujua sababu.

Cordelia anahamia katika kijumba kile kile alichofia kijana. Anatazama. Mark alikuwa mtu nadhifu, lakini chombo chake cha kulimia kimeachwa kimechomekwa udongoni na mstari wa mwisho haujamalizika. Mtu kama huyo huachaje kazi namna hiyo? Kutokana na jambo dogo kama hilo, fundo linaanza kulegea.

Kuna mahali anatupwa kisimani. Anapanda mgongo ukutani, miguu ukuta wa pili, kidogo kidogo gizani. Hapo naishia, nisikumalizie utamu.

Msomaji wa Kiswahili atanikumbusha kuwa nasi tuna wapelelezi wetu. Kweli! Yupo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" ya 1960. Yupo Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Lakini wote hao ni wanaume. Mwanamke akitokea, mara nyingi ni msaidizi, mpenzi au mtego.

P.D. James mwenyewe aliijua kazi. Mumewe, daktari, alirudi kutoka Vita Vikuu vya Pili akiwa mgonjwa wa akili, na mama huyo akawalea mabinti wawili kwa mshahara wa kazi ya utawala hospitalini. Alikuwa akidamka mapema kuandika kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1962.

Nikamwuliza kaka: hapa Isiolo, ni nani wanaopokea maziwa ya ngamia alfajiri, wakayaonja, wakamjua aliyetia maji, kisha wakayapakia kwenye basi yaende Eastleigh? Si akina mama? Kumtambua mdanganyifu kwa tone moja la maziwa, huo si upelelezi?

Kaka alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, sina shaka na uwezo wake. Ninachoogopa ni kupigiwa simu usiku."

Hapo sikuwa na jibu, msomaji. Hofu ya mzazi si ujinga, na Cordelia mwenyewe anaogopa kule kisimani. Lakini niliona kwamba kaka alikuwa amesema "si kazi ya mwanamke" wakati moyoni alitaka kusema "nakupenda, naogopa". Binti yake alisikia maneno ya kwanza tu, akaenda kulia chumbani.

Niliwaachia kitabu. Juzi usiku kaka akanipigia simu. Hakunisalimu vizuri. "Hebu niambie," akasema, "yule msichana alitoka kisimani?"

Nikamjibu, "Muulize mwanao. Yeye amekwisha kukimaliza."

Wewe mzazi unayesoma ukurasa huu, mara ya mwisho ulipomwambia binti yako kwamba kazi fulani haimfai, ulimwambia pia unachoogopa? Jaribu leo, baada ya chai. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.