Maumivu ya kiatu si ada ya kujifunza kukwea

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wengi huanza kutafuta shughuli ya kuwaondoa watoto mbele ya runinga na simu. Miaka ya karibuni, kukwea kwa kamba kumeingia katika orodha hiyo pamoja na soka na kuogelea. Wapo wanaoanzia kwenye kuta za ndani jijini Nairobi, na wapo wanaopelekwa na shule au vikundi vya vijana hadi miamba ya Lukenya au Hell's Gate kule Naivasha. Tangu mchezo huu uingizwe katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na kurudi tena Paris 2024, vijana wengi wameuona kwenye skrini kabla hawajagusa mwamba.

Kama daktari naufurahia. Kukwea huimarisha mikono, mgongo na miguu, na humfunza mtoto kutulia na kufikiri akiwa na hofu. Sina nia ya kumtisha mtu yeyote. Lakini kuna ushauri mmoja wanaopewa wanaoanza ambao naupinga waziwazi: kwamba kiatu cha kukwea lazima kiume, na kwamba asiyestahimili maumivu hayo bado hajawa tayari kwa mchezo. Kwa mtu mzima anayeanza, ushauri huo hauna faida. Kwa mtoto, una madhara.

Ushauri huu umetoka wapi?

Kiatu cha kukwea si kama raba ya kukimbilia. Soli yake ni mpira laini unaonata kwenye jiwe, ncha yake ni nyembamba, na hakiachi nafasi mbele ya vidole. Sababu yake ni rahisi. Unaposimama kwenye ukingo wa jiwe wenye upana wa sentimita moja, uzito wako hupitia ncha ya kidole gumba cha mguu. Kidole kikiogelea ndani ya kiatu, kiatu hujikunja na mguu huteleza. Kwa hivyo ni kweli kwamba kiatu hiki kinapaswa kuushika mguu. Hapo sina ubishi na mtu.

Tatizo ni pale kushika kunapogeuzwa kuwa kubana. Kiatu chenye soli ya mpira isiyo na meno si kitu kipya. Mfaransa Pierre Allain, aliyekuwa akikwea mawe ya Fontainebleau karibu na Paris, alikuwa akitengeneza cha namna hiyo tangu miaka ya 1930. Baadaye vingi vilishonwa kwa ngozi, na ngozi hutanuka. Mkweaji alinunua kilichombana akijua kwamba baada ya wiki kadhaa kingelegea na kumkaa vizuri. Leo viatu vingi ni vya vitambaa vya viwandani ambavyo havitanuki sana. Kiatu kimebadilika lakini ushauri umebaki ule ule.

Tena kuna kuwaiga mabingwa. Wao huvaa viatu vilivyopinda kama ukucha wa mwewe, kwa sababu hukwea kuta zinazowaegemea na kushikilia vijiwe vidogo mno. Lakini watazame vizuri: bingwa hukwea kwa dakika chache, akishuka huvua mara moja. Anayeanza huvaa kiatu cha aina hiyo saa nzima, akikwea, akisubiri zamu, akienda msalani na kununua soda. Isitoshe, hakwei miamba ya mabingwa. Ukuta wa wanaoanza una vishikio vikubwa ambavyo hata raba ya kawaida ingetosha. Mkwezi wa minazi kule Kilifi hupanda pekupeku na kushuka na madafu, kwa sababu amejifunza mahali pa kuweka mguu. Ujuzi huo ndio unaotangulia.

Yanayotokea ndani ya kiatu

Kuanzia kifundo kwenda chini, kila mguu una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30. Ukiukandamiza ndani ya kiatu kidogo, vidole hukunjwa, navyo vifundo vya juu ya vidole hugusa kiatu na kuchubuka. Kwanza huja malengelenge, kisha sugu. Kucha husukumwa nyuma, huvilia damu chini yake, na wakati mwingine hukua kuelekea ndani ya nyama na kutunga usaha. Kubanwa kwa neva huleta ganzi. Hali hii ikiendelea kwa miaka, kidole gumba huweza kukengeuka kuelekea vidole vingine, na kiungo chake hutokeza kando kama kinundu chenye maumivu. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wakweaji wa muda mrefu zimeonyesha kwamba wengi wao huvaa viatu vidogo kuliko vile vya kila siku, na kwamba matatizo haya ya vidole na kucha ni ya kawaida kwao.

Kuhusu kucha nataka kusisitiza jambo moja. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha unapokua. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua polepole, kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, hivyo alama huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kabla haijaisha. Alama nyeusi isiyosogea, inayopanuka au inayovuka na kuingia kwenye ngozi ya pembeni ni jambo jingine kabisa. Mwanamuziki Bob Marley alikuwa na kidonda cha kidole cha mguu ambacho mwanzoni kilihusishwa na jeraha la soka. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba ilikuwa saratani ya ngozi chini ya ukucha, na mwaka 1981 alifariki akiwa na miaka 36. Saratani hiyo ni nadra na haisababishwi na kiatu. Kosa ni kuzoea kucha nyeusi kiasi kwamba hakuna anayezitazama tena.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Msichana wa miaka 12 aliletwa kwangu na mamake kwa sababu ya ukucha uliotunga usaha. Nilipomuuliza kiatu kilianza kumuuma lini, alijibu bila kusita: tangu siku ya kwanza, miezi minne iliyopita. Kwa nini hakusema? Alikuwa ameambiwa kwamba kuuma ni kawaida, naye hakutaka kuonekana dhaifu mbele ya wenzake. Kidonda kilipona kwa dawa na kupumzika. Kilichonisumbua ni ile miezi minne ya kunyamaza.

Mifupa ya vidole vya mtoto ina sehemu laini karibu na mwisho wake, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Sehemu hizo hugeuka kuwa mfupa mgumu wakati wa kubalehe. Kwa kawaida mguu wa msichana huendelea kukua hadi miaka 13 au 14 hivi, na wa mvulana hadi 15 au 16. Kuukandamiza mguu unaokua, wiki baada ya wiki, ni kuupa umbo usiokusudiwa kuwa nalo. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mtoto ambaye miguu yake bado inakua asivae kiatu cha kukwea kinachokunja vidole vyake, hata kama anashindana, hata kama mkufunzi wake ni hodari.

Hapa wazazi nasi tuna desturi yetu. Kiatu cha shule hununuliwa kikubwa ili mtoto akue nacho, na pamba hujazwa mbele. Kwa kukwea, njia hiyo haifai, maana kiatu kikubwa huteleza na kumwangusha. Kiatu kimkae leo. Kwa kuwa huenda kisimtoshe baada ya miezi michache, ni afadhali kukodi au kubadilishana na wazazi wengine kuliko kununua kipya cha bei ghali. Pima mguu wake kila baada ya miezi mitatu. Usingoje alalamike.

Jinsi ya kujaribu kiatu

Mimi mwenyewe nilianza kukwea nikiwa nimevuka miaka 40. Nilipokwenda kununua viatu, muuzaji aliniletea saizi mbili chini ya yangu na kunihakikishia kwamba vingelainika. Nilivivaa dakika tano, vidole vikaanza kufa ganzi, nikamwomba aniletee vingine. Nilijaribu jozi sita kabla ya kupata iliyonifaa. Nawe usione haya kumsumbua muuzaji. Miguu ni yako.

Nenda jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Kata kucha kwa kunyoosha, usizame kwenye pembe. Vaa kiatu bila soksi au kwa soksi nyembamba, na ujaribu miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja humzidi mwenzake. Chagua kinachoutosha mkubwa. Usitegemee nambari iliyoandikwa, maana kila mtengenezaji ana kipimo chake.

Kisha simama. Vidole vinapaswa kugusa mbele ya kiatu vikiwa vimenyooka, au kwa mtu mzima, vimepinda kidogo sana. Vikijikunja kama ngumi, rudisha kiatu. Kisigino kikae bila pengo, na ukano ulio nyuma yake usikatwe na ukingo wa kiatu. Simama kwa ncha za vidole kwenye ukingo mdogo, kwa sekunde chache kila mguu: mguu usiteleze ndani, wala usisikie maumivu makali. Kaa nacho dakika 10. Ukisikia ganzi au mchomo, au ukivua na kukuta vidole vimebadilika rangi, hicho si chako. Chagua chenye soli iliyonyooka, si iliyopinda. Kwa mtoto, chenye mikanda ya kubandika ni bora, kwani ataweza kukivua mwenyewe kila anaposhuka. Na avue kweli, kila anaposhuka.

Usinunue kinachouma leo kwa matumaini kwamba kesho kitatanuka.

Viatu vya kukodi na mitumba

Wengi tunaanza na viatu vya kukodi, na hilo ni jambo la busara. Ila kiatu kilichovaliwa na watu kumi siku hiyo huwa na jasho, na unyevu huo ndio unaopendwa na fangasi wa miguu. Virusi vinavyoleta chunjua za nyayo pia huweza kuenea mahali kama hapo. Vaa soksi nyembamba safi, uliza viatu husafishwa na kukaushwa vipi, na usivae kilicho na majimaji. Mwenye kidonda asubiri kipone. Ukifika nyumbani, osha miguu na kuikausha vizuri, hasa katikati ya vidole.

Kiatu cha mtumba huwa kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na mpira wa zamani hukauka ukapoteza mnato. Kikague soli na ncha, halafu kifanyie majaribio yale yale, hata kama bei yake inavutia.

Wasikilize miguu yao

Mwenye kisukari asivae kiatu hiki kabla ya kuchunguzwa miguu na daktari. Kisukari huweza kupunguza hisia za miguu, na mtu akapata kidonda bila kusikia chochote. Tahadhari hiyo inamhusu pia mwenye ganzi ya miguu au mzunguko hafifu wa damu.

Kwa wengine wote, fika hospitalini ukiona usaha au wekundu unaosambaa, kidole kilichovimba kisichoweza kukunjwa, ganzi ambayo haijaisha hadi asubuhi yake, au alama nyeusi ya ukucha kama nilivyoeleza. Mtoto anayechechemea siku mbili baada ya kukwea asirudi ukutani kabla hajapimwa.

Nina ombi kwa wakufunzi na wanaosimamia kuta za kukwea. Acheni kuwaambia watoto kwamba kiatu lazima kiume. Waambieni kwamba lazima kiwashike, na wafundisheni tofauti ya mambo hayo mawili. Wekeni saizi za kutosha ili mtoto asilazimike kuvaa kilichobaki.

Na wewe mzazi, kumbuka kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hukivai kiatu hicho, kwa hivyo uliza. Mtoto akirudi kutoka kukwea, kabla hujamuuliza alifika juu kiasi gani, mwambie avue soksi na uitazame miguu yake. Ni kazi ya dakika moja.