Simu ya Majuu, Mtandao wa Bongo

Mwezi huu tuweke pembeni habari za nani kamchunia nani kwa ajili ya wivu, tuongelee kitu kinacholeta kununiana bila hata kosa la mtu: simu uliyoletewa na mpenzi wako kutoka nje, halafu ukiweka laini haishiki mtandao.

Kila inapokaribia Desemba, wenzetu wa majuu wakianza kurudi na mabegi yao, ndipo na mimi naanza kuletewa simu. Mwingine kaweka laini, simu inamwandikia maneno ya Kiingereza na kugoma. Mwingine hata tundu la laini halioni. Wote wanauliza swali la ufundi, lakini nyuma yake kuna lingine ambalo mtu anaona aibu kulisema: hivi huyu ananijali, au kaniletea kilichomshinda mwenyewe?

Rafiki yangu mmoja liliwahi kumkuta mwaka 2011. Mchumba wake alikuwa Ohio, mchana shule, usiku kazi, si unajua maisha ya kule. Kwa jasho lake akamtumia iPhone 4. Enzi zile kuonekana na iPhone mjini hapa ilikuwa habari kubwa, kwa hiyo boksi likafunguliwa mbele ya mashosti na mawifi. Akageuza simu huku na huku akitafuta pa kuweka laini. Hakuna. Wakaenda Kariakoo. Fundi wa kwanza akasema ni feki. Wa pili akasema ni ya maonyesho, zile zinazowekwa dukani watu washike tu. Siku tatu binti hakupokea simu ya mchumba wake, na kijana wa watu kule Ohio haelewi kwa nini, maana alikuwa na risiti, na yake kama hiyo hiyo anaitumia kila siku.

Simu haikuwa feki wala ya maonyesho. Marekani iPhone 4 ilitoka katika sura mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa ya mtandao wa AT&T, uliokuwa unatumia teknolojia ya GSM kama mitandao yetu. Ya pili ilitoka Februari 2011 kwa ajili ya Verizon, ambao walikuwa wanatumia CDMA. Jina moja, rangi moja, apo la nyuma lilelile. Tofauti iliandikwa kwa herufi ndogo mgongoni: moja ni A1332, nyingine ni A1349. Na hiyo A1349 haina tundu la laini kabisa.

Kwa nini? Hapa ndipo penye utamu. Kwenye GSM wewe ni laini yako. Namba yako na haki yako ya kupiga simu vinakaa kwenye kile kichipu, simu ni nyumba tu ya kupanga. Ukiihama leo na kuingia nyingine, mtandao unakutambua vilevile. CDMA ya Marekani ilifanya kinyume: mtandao uliitambua simu yenyewe kwa namba iliyochomwa ndani yake, na kampuni ndiyo iliyoamua iingie au isiingie. Ukiitoa kwenye kampuni hiyo inabaki kuwa saa nzuri yenye kamera. Hata hapa nyumbani CDMA ilikuwepo. TTCL na Zantel waliwahi kuitumia, na Sasatel nao, ambao siku hizi hawapo tena. Wenye kumbukumbu watazikumbuka zile simu za mezani zisizo na waya. Lakini wengi wetu tulizaliwa kisimu kwenye GSM, na ndiyo maana hatukuwahi kufikiria kwamba simu inaweza kukosa laini na bado ikawa simu.

Wale wawili walipatana, tena ndoa ilifungwa. Ila aliyewapatanisha ni binamu mmoja aliyekuwa anafahamu mambo ya mitandao. Mafundi wawili wa kwanza walibaki na msimamo wao.

Unaweza kusema hayo ni ya kale. Ni kweli, Verizon walizima CDMA yao mwisho wa mwaka 2022. Lakini ona mambo yalivyo: mwaka huohuo, Septemba, Apple wakatoa iPhone 14, na zile za soko la Marekani hazina tundu la laini! Sura ya tatizo ni ileile, ila sababu ni tofauti kabisa, na hapa watu wengi wanachanganya. Hii haijakataa laini. Inataka laini isiyoshikika, yaani eSIM, ambayo kampuni ya simu inaiingiza kwa njia ya mtandao. Kama kampuni yako inatoa eSIM, simu itafanya kazi vizuri tu. Kampuni kadhaa hapa nchini zinatoa, kwa hiyo uliza dukani kwao kabla hujaanza kulia. iPhone 14 ya Marekani ni A2649, wakati A2882, inayouzwa nchi nyingi zikiwemo za Ulaya, bado ina tundu la laini pamoja na eSIM. Na ya China bara inaweka laini mbili za kawaida, eSIM haina. Jina moja, nyumba tatu.

Mimi binafsi, kwa maisha yetu, naipenda yenye tundu. Wewe fikiria: simu imekuzimikia ukiwa Ubungo saa mbili usiku, pesa yako yote iko kwenye laini. Mwenye laini ya kawaida anaichomoa, anaazima kitochi cha jirani, anatoa hela ya nauli, maisha yanaendelea. Mwenye eSIM anasubiri umeme. Kwa mtu mwenye simu mbili si tatizo, lakini si wote tuna simu mbili.

Sasa tuje kwenye masafa, maana hapa hata simu yenye tundu inaweza kukuangusha. Simu ni kama redio. Redio isiyofika kwenye masafa ya kituo fulani haitakamata kituo hicho hata ukipanda nayo juu ya paa. Tanzania, Kenya, Uingereza na Dubai, GSM ilijengwa kwenye megahezi 900 na 1800. Marekani wao walichukua 850 na 1900. Ndiyo maana miaka ile simu ya Marekani yenye masafa hayo mawili tu ilikuwa inafika Dar na kukaa kimya kama imefiwa, wakati ya London inawaka papo hapo. Baadaye simu za masafa manne zikapunguza kero hiyo.

Kwenye 4G mambo yakarudi upya, tena kwa ujanja zaidi. Huku kwetu 4G imepita sana kwenye 800 na 1800, na Uingereza vilevile, kwa hiyo simu ya London bado haina ugomvi na Bongo. Simu nzuri za bei kubwa kutoka Marekani nyingi zinakamata haya yote. Zinazosumbua ni za bei nafuu, zile zinazouzwa na kampuni za simu za kule kwa ajili ya wateja wao tu. Unakuta ina 4G ya nguvu huko, ukifika hapa inakupa 3G, au inakamata mjini na kupotea ukienda kwa wakwe Singida. Na usidanganyike na namba 700 kwenye boksi. Bendi za 700 za Marekani huitwa 12, 13 na 17, wakati mpango wa 700 uliokubaliwa Afrika uko ndani ya bendi 28. Ni kama nyumba mbili zenye namba 700, kila moja mtaa wake.

Kwa Samsung, tazama mwisho wa namba ya modeli. Galaxy S23 ya Marekani inaishia na U au U1, ya kimataifa inaishia na B. Yenye U imetengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za huko, yenye U1 inauzwa bila kufungwa. Herufi moja tu, lakini inaokoa ndoa.

Nimesema kufungwa, na hili ndilo linaloumiza kuliko yote. Huko majuu watu wengi hawanunui simu kwa mkupuo. Wanaichukua kwa kampuni na kulipa kidogo kidogo kila mwezi, miaka miwili hadi mitatu. Kwa kawaida simu ya namna hiyo inakuja imelokiwa, na kampuni haiifungui mpaka deni liishe. Kwa hiyo mpenzi wako anaweza kukuletea simu ya milioni mbili na ushee kwa moyo safi kabisa, kumbe bado ina miezi 20 ya kulipiwa. Na Mungu apishie mbali, mkiachana katikati naye akaacha kulipa, namba ya simu ile inaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi. Penzi limekufa, na simu nayo haijawahi kuwa yako.

Mafundi wetu ni hodari, siwabezi. Enzi za Nokia walikuwa wanazifungua kwa kodi tu. iPhone zilizolokiwa wakaziwekea kichipu chembamba chini ya laini, inafanya kazi mpaka siku simu ijisasishe yenyewe, ndipo inakata. Lakini iPhone iliyolokiwa na isiyo na tundu, mbinu hiyo haina hata pa kuingilia. Ukiambiwa ni elfu hamsini tu, iache hiyo elfu hamsini ikae kwenye pochi.

Najua kinachotuzuia kuuliza mapema. Tumelelewa kwamba anayepewa hachagui, na kumuuliza mtu maswali kuhusu zawadi anayokuandalia inaonekana ni kujifanya mjuaji au mchoyo wa shukrani. Dada zangu hasa tunaogopa kuitwa wenye tamaa. Mimi nasema uliza, ila uliza kabla hajalipa. Mtumie ujumbe wa sauti, kwa sauti ya mapenzi, sio ya mkaguzi wa TRA: baby, hiyo simu umeilipia yote au ni ya mkataba? Nitumie picha ya namba ya modeli. Ina tundu la laini? Kama ni iPhone, mwambie aingie Settings, kisha General, kisha About, ashuke mpaka kwenye Carrier Lock. Ikiandikwa No SIM restrictions, imefunguliwa. Dakika mbili tu, na yeye mwenyewe ataona kwamba hujataka kubwa kuliko uwezo wake.

Ikishafika, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI na uilinganishe na ya kwenye boksi. Mwaka 2016, TCRA walipozima simu feki usiku mmoja wa Juni, walioshtuka ni wale ambao hawakuwahi kubonyeza hizo namba. Kenya walikuwa wameshazima zao mwaka 2012. Na hapa, tofauti na kupekua meseji, unaruhusiwa kabisa kuikagua simu ya mwenzako.

Kwa ninyi mnaokwenda upande wa pili, kusoma au kumfuata mwenza, hesabu inageuka. AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022, na wana orodha ya simu wanazozikubali. Kitochi cha mama anayekwenda kumwona mjukuu huko kitakuwa tochi tu. Na simu nyingi nzuri za Kariakoo hazina bendi za Marekani. Mwambieni shemeji amnunulie mama simu ya huko huko, tena yenye maandishi makubwa.

Na wewe wa zawadi, ukikuta boksi halina chaja, usinune. Siku hizi simu nyingi zinakuja hivyo hivyo, na wala hajaificha kwa ajili ya mtu mwingine.