Ufunguo wa Sanduku Haupewi Mgeni

Ndugu msomaji, zamani mfanyakazi wa mjini aliyetaka kumpelekea mama yake fedha kijijini alikuwa na njia chache. Aliweza kwenda posta kununua mani oda, kisha akangoja siku kadha wa kadha mpaka ifike. Au aliitia fedha katika bahasha akamkabidhi dereva wa basi, akabaki akimwomba Mungu. Mambo yalianza kubadilika M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008. Leo mshahara, ada ya shule, kodi ya nyumba na hata fedha ya mboga hupita katika simu. Simu imekuwa sanduku la fedha la jamaa nzima. Na palipo na sanduku, mwizi hakosi kupazunguka.

Mwizi wa sanduku hili havunji mlango. Yeye hubisha hodi, akasalimu kwa adabu, akaomba ufunguo. Na aghalabu mwenye nyumba humpa kwa mkono wake mwenyewe. Yafaa basi tueleze jinsi ulaghai huu unavyotendeka, kwani ajuaye namna mtego unavyotegwa hanaswi kwa urahisi.

Tuanze na ule ujumbe ambao karibu kila mwenye simu amekwisha kuupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengi walionaswa huuliza, "Je, mtu huyu alijuaje kwamba nilikuwa nadaiwa kodi?" Jibu ni kwamba hakujua lolote. Ujumbe ule ule hupelekwa kwa watu wengi mno kwa wakati mmoja, kama mvuvi atupavyo jarife gizani. Walio wengi huupuuza. Lakini yule ambaye asubuhi hiyo amemwahidi mwenye nyumba kwamba atamlipa, huona ujumbe umefika kwa wakati wake, naye hutuma bila kuuliza. Dawa yake ni moja: mpigie anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake. Tena, kabla hujathibitisha malipo, soma jina la mpokeaji linalotokea katika simu. Jina hilo halikuwekwa pale kwa mapambo.

Hila ya pili ni ya "nimekosea kutuma." Unapata ujumbe ulioandikwa kwa mfano wa ule wa kampuni, ukieleza kwamba umepokea shilingi kadha. Mara simu inalia. Mtu analalamika kwamba fedha hiyo ilikuwa ya matibabu ya mtoto, naye anakuomba umrudishie. Ukirudisha, utakuwa umetoa fedha yako mwenyewe, maana ya kwake haikuingia kamwe. Usiuamini ujumbe, tazama salio lako katika orodha ya huduma. Na hata kama fedha imeingia kweli, mwombe aliyekosea aende kwa kampuni yake irudishwe kwa utaratibu. Mwenye haki hapotezi kitu kwa kufuata utaratibu.

Sasa tufikie hila iliyo ngumu zaidi kueleweka, ile ya namba za uthibitisho. Wengi wetu siku hizi tuna akaunti za malipo katika intaneti, za benki na za maduka ya mbali. Akaunti hizo hulindwa kwa neno la siri. Lakini kwa kuwa neno la siri laweza kuibwa, wenye huduma wameongeza mlinzi wa pili: mtu anapotaka kuingia, namba fupi hutumwa katika simu ya mwenye akaunti, naye huiandika ili kuthibitisha kwamba ndiye. Elewa jambo hili vema, ndugu msomaji. Namba hiyo ikifika kwako nawe hukuiomba, maana yake ni kwamba huenda mtu mwingine amesimama mlangoni pako wakati huo huo, pengine neno lako la siri analo tayari, naye amebakiza hatua moja tu. Ndipo anapopiga simu: "Shikamoo mama, nazungumza kutoka huduma kwa wateja. Tumekutumia namba ili tuhakikishe akaunti yako isifungwe. Tafadhali nisomee." Ukimsomea, umemfungulia.

Pengine utauliza, neno la siri alilipataje? Mara nyingi alipewa nalo. Hutumwa barua au ujumbe wenye kiungo, ukisema kwamba akaunti ina hitilafu au kwamba umeshinda zawadi. Kiungo humpeleka mtu katika ukurasa bandia uliochorwa sawasawa na ule wa kweli, naye huandika humo kila anachoulizwa. Ulaghai huu ulipata jina lake nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990, walaghai walipojifanya watumishi wa shirika la America Online. Na jina lenyewe la Kiingereza limechezewa kutokana na neno la uvuvi. Kiungo ni ndoana, habari ya kutisha au ya kufurahisha ni chambo. Basi usiingie katika akaunti yako kwa kupitia kiungo ulicholetewa. Fungua mwenyewe programu unayoitumia siku zote. Kama kweli kuna hitilafu, utaikuta humo.

Ukichunguza hila hizi zote utaona kwamba hazikujengwa juu ya ujinga wa watu. Zimejengwa juu ya tabia zetu njema. Tumefundishwa kumjibu kwa adabu atuamkiaye, kumhurumia mwenye mgonjwa, na kutomkatia mtu maneno. Mlaghai huzitumia adabu hizo, kisha huongeza haraka: "Fanya sasa hivi, la sivyo laini itafungwa." Kukata simu ya mtu wa namna hiyo si utovu wa adabu. Kata, kisha piga mwenyewe namba 100 ya huduma kwa wateja, uulize.

Liko jambo jingine linalozihusu nyumba zetu moja kwa moja. Mara nyingi mtu aliyeibiwa huficha. Mke huogopa kumwambia mumewe kwamba fedha ya ada imekwenda. Baba huona haya mbele ya watoto wake. Mzee kijijini hunyamaza asije akaitwa mshamba. Ukimya huo ndio unaomnufaisha mwizi, kwa sababu saa ya kwanza ndiyo yenye tumaini. Kampuni ikipewa habari mapema, yaweza kuizuia fedha kabla haijatolewa kwa wakala. Ikicheleweshwa, fedha huwa imekwisha kwenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi aliyeibiwa apokewe nyumbani kama mgonjwa, asishitakiwe kama mkosaji. Lawama za leo ndizo zitakazomfanya mwingine afiche kesho.

Zungumzeni nyumbani, mkae hata nusu saa jioni. Waelezeni wazee kwamba namba ya siri haisomwi kwa mtu yeyote, awe wakala, awe askari, awe mjukuu. Wafundisheni watoto wanaochezea simu kwamba namba iliyoingia haitajwi kwa anayepiga. Kubalianeni kwamba ombi lolote la fedha litathibitishwa kwa sauti. Piga *106# utazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni inayohusika ikaondolewe. Na laini yako ikizimika ghafula bila sababu, usingoje kesho, kwani huenda mtu ameihamishia katika kadi nyingine ili namba za uthibitisho zimfikie yeye.

Ujumbe wa walaghai usiufute kwanza. Upeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Kama umeibiwa, toa habari pia polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeuhesabu udanganyifu wa namna hii kuwa jinai. Usidhani kwamba shilingi elfu ishirini ni kidogo mno kuripotiwa. Mwizi huyu huishi kwa elfu ishirini za watu wengi.

Fedha ya mfanyakazi ni jasho la mwezi mzima. Tusiiache ipotee kwa simu ya dakika mbili.