Manusura wa Nini?

Mwezi uliopita nililipwa kulisifu gari ambalo sitawahi kulipanda. Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, milango miwili, buluu chini na nyeupe juu, injini ya V8, na mapezi mawili nyuma kama ya papa. Lilikuwa Marekani kwa muuzaji wa magari ya zamani, na bei yake ilikuwa dola 72,000. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tisa. Mimi nalipwa senti mbili za dola kwa kila neno. Naandikia kejani Kahawa Wendani, laptopu ikiwa juu ya kreti ya soda, na hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo. Wao hutuma picha, mimi nawatumia maneno, na jina langu halionekani popote.

Maagizo yalikuja kama kawaida. Maneno 600. Taja kwamba rangi ni ileile ya kiwandani. Taja kwamba injini ni ileile iliyotoka nayo. Taja kwamba limetembea maili 31,000 tu. Na taja, angalau mara tatu, kwamba gari hili ni manusura.

Hilo ndilo neno lao. Katika biashara ya magari ya kale ya Marekani, gari ambalo halijapakwa rangi upya, halijabadilishwa viti wala injini, huitwa manusura. Ni sifa kubwa. Inapandisha bei.

Sasa, sisi neno manusura tunalijua kutoka kwa taarifa za habari. Manusura ni mtu aliyetolewa chini ya jengo lililoporomoka Huruma. Ni abiria aliyetambaa kutoka kwa matatu iliyobingirika Salgaa. Nikasoma tena maelezo ya lile gari, nikitafuta mahali liliponusurika. Mwenyewe alilinunua likiwa jipya. Alikuwa akilitoa Jumapili, jua likiwaka, barabara ikiwa kavu. Akazeeka, akaliegesha, akalifunika turubai. Likakaa gereji zaidi ya miaka arobaini.

Hiyo ndiyo hadithi yote. Yaani gari lilinusurika matumizi!

Naandika haya kwa hasira na sitaificha. Nataka kusema kwamba huku kuita kitu ambacho hakijaguswa na maisha eti "kimetunzwa vizuri" ni uongo, na uongo huo una bei, na wanaoulipia si wale wanaolinunua gari.

Tuanze na wimbo unaoimbwa na kila tangazo la aina hii: hawatengenezi tena vitu kama zamani. Nimeuandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Ni porojo. Bel Air la 1957 halikutengenezwa lidumu, lilitengenezwa likuchoshe. General Motors, chini ya Alfred Sloan, ndiyo iliyoufanya kuwa utaratibu wa biashara kubadilisha sura ya magari kila mwaka, ili la jirani likiwa jipya, lako lionekane la aibu. Linganisha Chevrolet za 1955, 1956 na 1957: bodi ni ileile, uso na makalio vimebadilishwa. Mwaka 1958 bodi nzima ikatupwa, ikaja nyingine. Harley Earl, bosi wa uchoraji wa magari hayo, hakuona haya kusema kwamba kazi yao ilikuwa kuharakisha uchakavu. Kwake, siku Mmarekani atakapobadilisha gari kila mwaka, mambo yangekuwa sawa kabisa. Mapezi yale mnayoyapenda yalikuwa chambo. Na hazikuwa adimu: mwaka huo Chevrolet ilitengeneza magari kama milioni moja na nusu.

Halafu kuna lile la "chuma kizito, si plastiki za siku hizi." Mwaka 2009, taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani ilichukua Bel Air la 1959, mdogo wake na hili, ikaligonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu la 2009, kila moja likienda kama kilomita 64 kwa saa. Video iko, itafute. Ile chuma nzito ilikunjika hadi kwa dereva. Mwanasesere aliyeketi kwenye Malibu angechechemea kidogo. Yule wa Bel Air angezikwa. Sheria ya Marekani ya kulazimisha magari mapya yawe na mikanda ilianza 1968. Kwa hiyo ukisikia mtu akililia zamani, muulize kama analilia usukani uliokuwa ukimchoma dereva kifua.

Lakini hayo ni ya mafundi. Kilichonivuruga ni sentensi niliyoagizwa kumalizia nayo: gari hili linatoka enzi ambapo maisha yalikuwa rahisi.

Rahisi kwa nani?

Kutoka dirishani kwangu hadi Gereza la Kamiti si mbali. Tarehe 18 Februari 1957, humo ndani, Waingereza walimnyonga Dedan Kimathi. Nilikuwa nikiandika "1957" na "rahisi" kwenye mstari mmoja, na vidole vikagoma. Lakini tuache Kenya, maana gari si la huku. Tubaki kwao.

Magari ya mwaka 1957 yalianza kuuzwa Oktoba 1956. Mwezi huohuo, mjini Montgomery, Alabama, watu Weusi walikuwa wamemaliza miezi kumi bila kupanda basi. Ulianza 5 Desemba 1955, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti. Watu wanajua hiyo sehemu ya kiti. Wasichojua wengi ni kwamba mgomo wa mabasi hauendeshwi kwa miguu tu. Mtu anafaa kufika kazini. Wakapanga magari. Kulikuwa na karibu magari 300 ya watu binafsi, na vituo vya kuchukulia na kushushia abiria. Waliendesha wachungaji, walimu, akina mama wa nyumbani. Makanisa yakanunua magari marefu ya abiria na kuyaandika majina ya kanisa ubavuni. Polisi wakawaandama madereva kwa faini. Martin Luther King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 kwa kosa la kwenda maili 30 kwa saa mahali pa 25. Makampuni ya bima yakafuta bima za magari yao, ikabidi waitafute hadi Lloyd's ya London. Siku 381. Mwisho mahakama kuu ya nchi ikasema ubaguzi kwenye mabasi yale ni kinyume cha katiba.

Kama kuna gari la Kimarekani la miaka hiyo linalostahili kuitwa manusura, ni lile. Lenye viti vilivyochanika kwa sababu vilikaliwa na wafanyakazi wa nyumbani sita kila asubuhi. Lenye mita iliyozunguka hadi ikachoka. Nani ana hilo gari leo? Mengi yaliishia kuwa vyuma chakavu, kama gari lolote linalofanya kazi. Yaliyobaki mazuri ni yale ambayo siku hizo yalikuwa yamefunikwa turubai.

Niliandika sentensi tatu kuhusu Montgomery kwenye tangazo. Tatu tu, tena za adabu. Mhariri wa upande ule akanijibu baada ya dakika kumi: toa hizo, mnunuzi anataka kumbukumbu tamu. Nikatoa. Sitajifanya shujaa hapa. Landilodi alikuwa amepiga simu mara mbili siku hiyo, na sentensi tatu ni senti chache. Nilizifuta, nikaweka badala yake maneno kuhusu harufu ya viti.

Mfano wa pili uko Cuba. Baada ya mapinduzi ya 1959, na baada ya Kennedy kukamilisha vikwazo vya biashara Februari 1962, spea za Marekani zilikoma kuingia. Magari yalikuwa yamejaa Havana: Chevrolet, Buick, Ford, Plymouth. Wacuba wakafanya tunachofanya sisi. Injini ya V8 ikifa, inawekwa ya dizeli kutoka kwa mashine ya Kirusi. Breki zinatolewa kwa Lada. Bampa linagongwa kwa nyundo hadi linyooke. Hadi mwaka 2011, magari yaliyokuwa nchini kabla ya mapinduzi ndiyo pekee ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kumuuzia mwenzake bila kuomba ruhusa, kwa hiyo babu alimwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu. Mengi hubeba abiria kwa njia moja, watu wanachangia nauli. Wanayaita almendrones. Sisi tungeyaita matatu.

Sasa mpelekee mtaalamu wa Marekani gari kama hilo umuulize bei. Atatikisa kichwa. Injini si yake, rangi si yake, limechezewa. Msee amelifufua mara kumi kwa mikono yake, ameliweka barabarani zaidi ya miaka sitini, lakini aliyelitunza vizuri ni yule aliyelisahau gerejini!

Najua jibu lenu, na lina uzito. Mpenzi wa magari ataniambia: gari ambalo halijaguswa ni ushahidi. Linatuonyesha rangi ilivyopakwa, kitambaa kilivyoshonwa, skrubu zilivyofungwa. Likishapakwa upya, ushahidi umepotea. Kweli. Weka moja kwa makumbusho, nitalipa kiingilio. Pia sisemi kwamba umaskini ni mtamu. Mcuba hakuchagua kuchonga spea, alikosa. Angepewa mpya angechukua. Ninachokataa ni kwamba hukumu ya soko iwe ndiyo hukumu ya thamani: asiyetumia apewe sifa ya mtunzaji, anayetengeneza aitwe mharibifu.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa Wamarekani pekee. Pita yadi za Ngong Road usikie. "Hii haijaguswa, bosi. Mwenyewe alikuwa mama, ilikuwa ya kupeleka watoto shule tu." Tumejifunza kulisifu gari kwa yale ambayo halijafanya.

Babangu alikuwa na Peugeot 504, ile ndefu, na aliiendesha matatu kati ya Nakuru na Nyahururu kabla sijazaliwa na baada. Giaboksi lilitoka kwa nyingine. Mlango mmoja ulikuwa kijani, mingine nyeupe. Ilibeba maharusi Jumamosi na maiti Jumapili, mahali pamoja, na mzee akiosha katikati. Mama alijifungulia mlangoni pa hospitali kwa sababu gari hiyo ilikataa kuzima kwa matope. Mimi ndiye niliyezaliwa.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni, karo ikakosekana. Mzee akamwita mnunuzi. Jamaa akaizunguka mara moja, akafungua boneti, akafunga. "Mzee, hii haina kitu orijino. Hii ni ya kilo." Ikauzwa kwa kilo. Nilikuwa hapo. Babangu hakubishana, alitoa tu kitambaa chake kwenye dashibodi akakikunja mfukoni. Pesa zile zililipa muhula mmoja. Uliofuata haukulipika, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo ndiyo, nina kesi binafsi. Kila nikijaza fomu ya kazi nikafika palipoandikwa "elimu," namwona yule jamaa akifunga boneti. Wanataka kijana ambaye hajaguswa: shule, chuo, cheti, bila pengo, bila kiraka. Mimi nina viraka. Wewe unayesoma haya kwa simu yenye kioo kilichopasuka, pengine pia unavyo. Tumeuza mitumba, tumebeba mjengo, tumeandikia watu wa ng'ambo insha na matangazo, tumerudi nyumbani na tumetoka tena. Tukiulizwa tunaona haya, kana kwamba kutumika ni kuharibika.

Wasitufanye tuone haya. Aibu iwe kwa wanaopanga bei.

Wiki jana niliambiwa Bel Air limeuzwa, tena kwa bei iliyoombwa. Mhariri alifurahi, akanipa lingine: Buick ya 1953, nayo ni manusura. Nimeikubali kazi, maana kodi ni kodi. Nilimuuliza kitu kimoja tu, lile la buluu limeenda wapi. Akasema mnunuzi ana gereji yenye kiyoyozi. Lilipelekwa juu ya lori, ili ile mita isisogee.